Bomba, Mto au Ukuta? Sitiari za Kiswahili katika Kufafanua Picha za Ultrasaundi za Mishipa ya Shingo: Mtazamo kutoka Migori na Homa Bay

Ikisiri

Ultrasaundi ya shingo humwezesha mtaalamu wa afya kuona ukuta wa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kufuatilia namna mafuta yanavyojijenga ndani ya ukuta huo kabla ya kiharusi kutokea. Hata hivyo, picha haijifasiri yenyewe. Inapomfikia mgonjwa hufika kwa njia ya maneno, na katika kaunti za Migori na Homa Bay mara nyingi maneno hayo ni ya Kiswahili. Makala haya yanachunguza neno 'mshipa' na sitiari tatu zinazoweza kutumiwa kueleza picha hizo, yaani bomba, mto na ukuta. Yanadai kwamba sitiari ya bomba, ambayo ndiyo inayokuja mdomoni upesi zaidi, humpotosha mgonjwa kuhusu ugonjwa na dawa zake, na kwamba sitiari ya ukuta inalingana zaidi na kile ambacho mashine huonyesha.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kisayansi katika Kiswahili umejikita katika swali moja: je, lugha hii ina maneno ya kutosha? Kazi kubwa imefanywa kulijibu. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa sababu hiyo, msomi anayetaka kutofautisha ateri, vena na neva hakosi maneno ya kufanyia hivyo.

Hata hivyo, kuwepo kwa neno katika kamusi si sawa na kuwepo kwake katika chumba cha matibabu. Baina ya kamusi na mgonjwa kuna mhudumu ambaye ana dakika chache, na ambaye huchagua maneno anayodhani yataeleweka. Mara nyingi huchagua sitiari. Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuitazama sitiari kama pambo la shairi au la methali. Makala haya yanaitazama katika mahali ambapo kuichagua vibaya kunaweza kumfanya mtu aache dawa.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mtumiaji wa huduma aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Kumweleza mgonjwa kwa lugha inayoeleweka, basi, ni wajibu.

2.0 Kinachopimwa na Namna Kinavyopimwa

2.1 Ateri ya shingo

Shingoni mna ateri kuu mbili, moja kila upande wa koo. Kila moja hupanda kutoka kifuani, na inapokaribia usawa wa kikoromeo hugawanyika matawi mawili. Tawi la ndani huelekea kwenye ubongo na jicho. Tawi la nje hulisha uso na ngozi ya kichwa. Pale panapogawanyika pana uvimbe mdogo wa kimaumbile, na damu inayopita hapo haiendi sawia bali hupunguza mwendo na kujizungusha upande mmoja. Hapo ndipo maradhi hupenda kuanzia.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Kolesteroli inapozidi katika damu, sehemu yake hupenya utando laini wa ndani na kunaswa chini yake. Chembe nyeupe za damu huja kuila, hujaa mafuta, na kufia humo humo. Chembe za misuli ya ukuta nazo husogea na kujenga kifuniko cha nyuzi juu ya lundo hilo, na baada ya miaka chokaa huweza kuganda ndani yake. Shinikizo la juu la damu, uvutaji wa sigara, kisukari na umri huharakisha mwenendo huu. Kifuniko kikipasuka, damu huganda juu ya jeraha, na kipande cha bonge hilo kikichukuliwa hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Wataalamu wa Ulaya walipoupa ugonjwa huu jina, waliokota maneno ya Kigiriki, na moja lilitoka jikoni: athere, yaani uji wa nafaka, likaunganishwa na skleros, yaani ugumu. Jina la ateri yenyewe linahusishwa na neno karos la lugha hiyo hiyo, lenye maana ya usingizi mzito, kwa kuwa Wagiriki wa kale waliona kwamba kuibana ateri hiyo humfanya mtu apoteze fahamu. Hivyo istilahi zinazoonekana leo kuwa za kitaalamu kabisa zilianza kama sitiari za watu wa kawaida. Msemaji wa Kiswahili anayesema 'uji', au wa Dholuo anayesema 'nyuka', hayuko mbali na mizizi ya jina la ugonjwa huu.

2.2 Mashine na picha yake

Ultrasaundi ni sauti yenye marudio ya juu kuliko yale ambayo sikio la binadamu linaweza kusikia, yaani zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Kwa mishipa ya shingo, ambayo haiko mbali na ngozi, hutumika marudio ya mamilioni kadhaa kwa sekunde. Mpimaji hupaka jeli shingoni na kuweka juu yake kifaa kinachotoa mawimbi na kupokea mwangwi. Mawimbi hayo husafiri katika nyama ya mwili kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mashine hupima muda ambao kila mwangwi umechukua kurudi, ikajua umbali, na kutokana na umbali huo ikachora picha. Kipimo hiki hakitumii mionzi wala sindano.

Katika picha, ukuta wa ateri huonekana kama mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, na ufa mweusi kati yao. Mwaka 1986 Paolo Pignoli na wenzake, mjini Milan, walilinganisha picha za namna hii na vipande halisi vya ateri, wakaonyesha kwamba umbali kati ya mistari hiyo miwili ni unene wa matabaka mawili ya ndani ya ukuta. Kwa mtu mzima mwenye afya unene huo huwa chini ya milimita moja. Makubaliano ya Mannheim ya mwaka 2004 yalitofautisha unene huo na utando wa mafuta wenyewe. Utando huitwa hivyo pale ambapo sehemu moja ya ukuta imejitokeza kuelekea njia ya damu kwa angalau milimita 0.5, au kwa asilimia 50 ya unene wa sehemu jirani, au inapozidi unene wa milimita 1.5.

Kipimo cha pili hutumia kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842: mawimbi hubadilika marudio pale kinachoyatoa au kuyarudisha kinaposogea. Kwa kanuni hii mashine hujua kasi ya damu. Njia ikiwa nyembamba, damu hupita kwa kasi zaidi, kama maji ya mpira uliobanwa mdomo kwa kidole. Kwa mujibu wa makubaliano ya wataalamu wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003, kasi ya juu inayofikia sentimita 125 kwa sekunde katika tawi la ndani huashiria kwamba angalau nusu ya upana umepotea, na ile inayozidi 230 huashiria asilimia 70 au zaidi.

2.3 Ufuatiliaji na mipaka yake

Kufuatilia ni kupima leo, kisha kupima tena baada ya muda na kulinganisha. Hapa pana tahadhari. Unene wa ukuta huongezeka kwa sehemu ndogo sana ya milimita kwa mwaka, kiasi ambacho kwa mtu mmoja huweza kumezwa na makosa ya kawaida ya upimaji. Ndiyo sababu mwongozo wa vyama vya moyo vya Marekani wa mwaka 2013 haukupendekeza kipimo cha unene kitumike kwa kawaida kukadiria hatari ya mtu binafsi. Katika utafiti wa makundi makubwa kipimo hicho bado kina faida. Mradi wa AWI-Gen, kwa mfano, ulikitumia katika vituo sita vya nchi nne za Afrika, kimojawapo kikiwa Nairobi. Kwa mgonjwa mmoja, kinachobeba maana zaidi ni kuwepo au kutokuwepo kwa utando, ukubwa wake, umbo lake, na kasi ya damu mahali hapo.

3.0 Kwa Nini Migori na Homa Bay

Kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza zina historia ndefu na Virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.9 kwa watu wazima wa Kenya kwa jumla, ilhali Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6 na Migori takriban 13. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimegeuza mkondo wa historia hiyo. Watu ambao miaka ya tisini wangezikwa wakiwa vijana sasa wanazeeka, na wanapozeeka hukutana na maradhi ya uzee: shinikizo la damu, kisukari, moyo na kiharusi.

Hukutana nayo wakiwa na mzigo wa ziada. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mtu anayeishi na virusi ana hatari ya maradhi ya moyo na mishipa takriban mara mbili ya asiye navyo. Sababu mojawapo ni kwamba hata virusi vinapofifishwa na dawa, mwili hubaki katika hali ya uchochezi wa kiwango cha chini, na uchochezi huo huukera utando wa ndani wa ateri. Mwaka 2023 jaribio la REPRIEVE, lililohusisha watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, lilionyesha kwamba dawa moja ya jamii ya statini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 miongoni mwa watu wanaoishi na virusi.

Huduma za afya za eneo hili zimeanza kuyashughulikia maradhi haya pamoja. Mradi wa SEARCH, ulioanza mwaka 2013 katika jamii 32 za vijijini za Uganda na Kenya, baadhi yake zikiwa kusini mwa Nyanza, uliwapima watu virusi, shinikizo la damu na kisukari katika kambi moja ya afya. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa vifaa vya kubeba nyumba kwa nyumba, kikiwemo kipima shinikizo. Wahudumu hawa ndio watakaoulizwa na jirani maana ya maneno aliyorudi nayo kutoka hospitali ya kaunti.

Upande wa lugha una sura yake. Homa Bay husema Dholuo kwa wingi, na visiwani Rusinga na Mfangano wapo Wasuba. Migori ina Wajaluo, Wakuria na wahamiaji wengi kutoka kwingineko. Mjini Isebania, penye mpaka wa Tanzania, Kiswahili cha pande mbili hukutana sokoni kila siku. Mhudumu aliyetoka Kisii au Kakamega hawezi kumhudumia mzee wa Kehancha bila lugha ya kati, na lugha hiyo ni Kiswahili. Ni lugha ya pili kwa msemaji na kwa msikilizaji vilevile. Katika hali hiyo sitiari hubeba mzigo mkubwa kuliko istilahi, na sitiari mbovu haina mtu wa kuisahihisha.

4.0 Neno 'Mshipa' na Jamaa Zake

Katika Kiswahili cha kila siku neno 'mshipa' hubeba maana nyingi. Ni njia ya damu, iwe inayotoka moyoni au inayorudi. Ni neva pia, na ndiyo maana tunasema 'mishipa ya fahamu'. Ni kano inayoumia mtu anapoteguka. Hatimaye ni ngiri, kwani kusema fulani 'ana mshipa' ni kutaja ugonjwa ambao wanaume huuzungumzia kwa sauti ya chini. Mwanamume anayeambiwa tu kwamba mshipa wake una tatizo ana njia kadhaa za kukosea.

Tukiongeza 'wa shingo' tatizo halitoweki. Lugha yetu ina msemo wa kutoa mishipa ya shingo, unaomhusu mtu anayebisha kwa hasira. Tafsiri za Kurani za Kiswahili, katika aya ya 16 ya Sura ya 50, hutaja mshipa wa shingo ili kuonyesha ukaribu wa Mungu na mja wake. Ule mshipa unaotuna mtu anapobisha ni vena: hurudisha damu kutoka kichwani, na huonekana kwa kuwa uko chini tu ya ngozi. Ateri inayopimwa kwa ultrasaundi imejificha ndani zaidi, haituni, na hujulikana kwa kudunda. Hivyo msemaji hodari wa Kiswahili anaposikia 'mshipa wa shingo' huenda akili yake ikauendea mshipa mwingine kabisa, na akahitimisha kwamba ugonjwa wake umetokana na makelele au ugomvi wa nyumbani.

Neno 'presha' huongeza uzito wa dhana hiyo. Mtu husema 'usinipe presha' akimaanisha usinisumbue. Shinikizo la damu likifasiriwa kama matokeo ya kusumbuliwa, mwenye nyumba tulivu atajiona amepona.

Hata jina la kipimo lina wingu lake. Kwa watu wengi ultrasaundi ni kipimo cha mama mjamzito. Mzee wa miaka 60 anayetumwa kwenye chumba hicho anahitaji sentensi moja ya kumweleza kwamba sauti ile ile inayomwonyesha mtoto tumboni ndiyo itakayouonyesha ukuta wa mshipa wake.

Utando nao huitwa kwa majina yasiyo na udugu: uchafu, mafuta, takataka, ukoga. Neno 'ukoga' linavutia, kwa sababu hutaja kile kinachoganda kwenye meno, na Kiingereza pia hutumia jina moja kwa vyote viwili. Hata hivyo ukoga wa meno uko juu ya jino na husuguliwa ukatoka. Utando wa ateri uko ndani ya ukuta, na hakuna mswaki unaoufikia.

5.0 Sitiari Tatu

5.1 Bomba

Sitiari ya bomba ni rahisi: damu ni maji, mshipa ni bomba, mafuta ni uchafu ulioziba. Ina ubora wake, kwa kuwa hueleza kwa nini kiungo kikikosa damu hufa. Hata hivyo ina makosa matatu. Kosa la kwanza ni kwamba uchafu wa bomba uko ndani ya njia, si ndani ya ukuta. La pili ni kwamba bomba lisiloziba ni bomba zima, ilhali ateri huweza kuugua kwa miaka mingi huku njia yake ikiwa wazi. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walionyesha, katika ateri ya moyo, kwamba mshipa hutanuka kwa nje ili kuihifadhi njia, na kwamba njia haianzi kufinyika mpaka utando uchukue takriban asilimia 40 ya eneo lake. Mgonjwa aliyeambiwa habari za bomba, kisha akaambiwa kwamba damu yake inapita vizuri, ana kila sababu ya kuuliza dawa ni za nini.

Kosa la tatu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote: bomba huzibuliwa. Anayeamini kwamba ana uchafu atatafuta cha kuuosha, na wauzaji wa dawa za 'kusafisha damu' wanajua kuzungumza lugha hiyo kuliko daktari. Vilevile kinachooshwa huoshwa kikaisha, hivyo dawa isiyokwisha huonekana kama dawa isiyofaa.

5.2 Mto

Msemaji wa Nyatike ana mto karibu naye. Mto Kuja, ukishaungana na Mto Migori, hushuka hadi tambarare na kuingia Ziwa Viktoria. Wakazi wa huko wanajua kwamba tope halitui kila mahali. Hutua pale maji yanapopunguza mwendo. Sitiari hii hueleza jambo ambalo bomba haliwezi, yaani kwa nini maradhi huanzia kwenye njia panda ya ateri na si kwenye sehemu iliyonyooka.

Hata hivyo mto nao una hatari yake. Mvua kubwa ikinyesha, maji yenye nguvu hubeba tope. Mgonjwa akiifuata sitiari hii hadi mwisho, anaweza kudhani kwamba shinikizo la juu la damu ni heri, kwa kuwa litasukuma kilichotuama. Huo ni ukweli uliopinduliwa. Sitiari ya mto itumike kueleza mahali pa ugonjwa tu, kisha iachwe.

5.3 Ukuta

Sitiari ya tatu inatokana na nyumba. Ukuta uliopigwa plasta unapoingiwa na unyevu, plasta haidondoki siku hiyo. Hufura kwanza. Anayeutazama kwa mbali huona ukuta mzima. Anayepitisha kiganja husikia uvimbe. Siku moja plasta hupasuka na kilichokuwa nyuma yake humwagika.

Sitiari hii inakubaliana na picha, kwa kuwa mashine huonyesha ukuta: mistari miwili, na mahali ambapo mstari umejitokeza. Inakubaliana pia na ugonjwa, kwa kuwa hatari kubwa ni kupasuka kwa kifuniko na si kujaa kwa njia peke yake. Isitoshe inakubaliana na dawa. Dawa ya shinikizo hupunguza nguvu zinazougonga ukuta, statini hupunguza kinachopenya na kukiimarisha kifuniko, na kuacha sigara huondoa kinachoukwaruza utando. Hakuna mwenye nyumba anayedhani kwamba ukuta ukishazuiwa unyevu kwa mwezi mmoja basi mvua haitanyesha tena.

Mapungufu yapo. Ukuta wa nyumba haujirekebishi, ilhali ukuta wa ateri ni nyama hai. Unyevu wa nyumba hutoka nje, na kolesteroli hutoka kwenye damu inayopita ndani. Tena msikilizaji anaweza kuogopa kwamba mshipa utapasuka na damu kumwagika shingoni. Mhudumu hana budi kusema waziwazi kwamba kupasuka huko hutokea kwa ndani, na kwamba linalofuata ni bonge la damu.

6.0 Mfano wa Maelezo

Tofauti ya maneno hujidhihirisha katika matumizi. Chukulia maelezo haya mafupi: 'Mzee, mshipa wako wa shingo una uchafu, umeanza kuziba. Meza hizi, punguza mafuta.' Sentensi ni sahihi kisarufi, lakini zinaacha maswali manne: mshipa upi, uchafu gani, utatoka lini, na dawa zikiisha itakuwaje?

Maelezo yafuatayo yametungwa kama kielelezo cha sitiari ya ukuta:

'Baba, weka vidole viwili hapa taratibu, upande mmoja tu, pembeni mwa kikoromeo. Unasikia kinadunda? Hiyo ndiyo ateri. Ule mshipa unaotuna ukipaza sauti ni mwingine. Ule hurudisha damu, huu huipeleka kwenye ubongo. Sasa tazama picha. Mistari hii miwili ni ukuta wake. Hapa iko sawa. Hapa ukuta umefura kwa ndani, kama plasta iliyoingiwa na unyevu. Njia haijaziba, damu inapita. Tunachohofia ni hiyo plasta kupasuka, damu igande hapo, na bonge liende kwenye ubongo.'

'Kwa hiyo, daktari, si kitu cha kuoshwa?'

'Si cha kuoshwa, baba. Ni cha kuzuiwa kisipasuke. Dawa ya presha inapunguza nguvu zinazougonga ukuta, na hii nyingine inapunguza mafuta yanayopenya. Ndiyo maana huziachi hata ukijisikia mzima, na za virusi zinaendelea kama kawaida. Siku ukiona mdomo umeenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki, njoo upesi, hata kama hali hiyo imepita baada ya dakika chache.'

Maelezo haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, lakini husomeka kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Hayana istilahi ngumu isipokuwa moja, 'ateri', na hiyo imefundishwa kwa kidole kabla ya kutajwa.

Upo ushahidi kwamba picha inayoambatana na maelezo huleta tofauti. Katika jaribio la VIPVIZA, lililofanyika Västerbotten nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka 2019, watu 3,532 walipimwa ateri za shingo. Nusu yao walipelekewa matokeo kwa picha na maandishi mepesi, madaktari wao wakapelekewa pia, kisha muuguzi akawapigia simu. Baada ya mwaka mmoja, kiwango chao cha hatari kilikuwa chini kuliko cha wenzao ambao hawakupewa picha hizo. Wote walikuwa wamepimwa kwa mashine. Kilichowatofautisha ni kuonyeshwa na kuelezwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tatizo la kufafanua ultrasaundi ya shingo kwa Kiswahili halitokani na uhaba wa maneno. Maneno yapo. Tatizo ni kwamba neno la kawaida, 'mshipa', lina maana nyingi mno, na sitiari ya kawaida, bomba, ina maana isiyo sahihi. Mgonjwa anayeiamini sitiari hiyo haasi ushauri wa daktari anapoacha dawa. Anaufuata mpaka mwisho wake wa kimantiki.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, neno 'ateri' litumike katika maelezo ya mdomo, likitanguliwa na mguso wa mahali panapodunda, na 'mshipa' libaki kuwa jina la jumla. Pili, utando uelezwe kuwa uvimbe wa mafuta ndani ya ukuta wa ateri, na maneno 'uchafu' na 'kuzibua' yaepukwe. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na vyuo vya mafunzo ya tiba kutunga na kujaribu maelezo mafupi kama haya, katika Kiswahili na katika Dholuo, Kikuria na Kisuba, kwa kuwasikiliza wagonjwa wakiyarudia kwa maneno yao wenyewe. Jaribio hilo la kurudia ndilo litakaloonyesha kama sitiari imefika salama. Mashine inaweza kuuona ukuta wa ateri kwa sehemu ya milimita, lakini mwenye ateri hutegemea sentensi anayoambiwa kabla ya kurudi nyumbani.